Nilikuwa konda, leo natukana vifodi

Saa moja na robo asubuhi, barabara ya Njiro hapa Arusha, naelekea kipilefti cha Impala. Mbele yangu kuna kifodi, yaani daladala ya huku, kimesimama. Hakijaharibika, kimesimama tu, tairi za kushoto ziko kwenye changarawe na za kulia ziko kwenye lami, na konda ananing'inia mlangoni akiita abiria ambao mimi niliye nyuma yake siwaoni. Nikapiga honi. Wa nyuma yangu naye akapiga. Konda akageuka, akakusanya ncha za vidole vitano na kuzitikisa kunielekea, ile ishara ya "subiri kidogo", kisha akaendelea kuita.

Nikatukana. Kimoyomoyo, lakini nilitukana. Halafu nikaona aibu, maana ishara ile nimeitumia mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwaka 2011, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yamekuja jinsi yalivyokuja, nilikaa miezi minane kwenye mlango wa Haisi iliyokuwa ikipiga ruti ya Kijenge kwenda Majengo, kupitia Mnara wa Saa na Barabara ya Sokoine. Siku hizi nina Vitz, nusu yangu na nusu ya Saccos. Kwa hiyo foleni ya Arusha nimewahi kuitengeneza kwa mikono yangu, na sasa nailia kila asubuhi. (Kwa msomaji wa Dar: huku daladala tunaziita vifodi, ingawa gari ni Toyota na hiyo Ford yenyewe wengi wetu hatujawahi kuipanda.)

Kijiweni kwetu hoja ni moja, na huwa inatolewa na wenye magari: vifodi ndivyo vinavyojaza mji, vikiondolewa tutapumua. Nami nimeisikiliza miaka mingi nikiwa kimya, kwa sababu konda mstaafu akitetea vifodi anaonekana anatetea ukoo wake. Leo nataka kuijibu, ingawa sehemu ya jibu langu itawapendeza.

Tuanze na lami. Haisi yetu ilikuwa na urefu wa kama mita tano. Tulibeba kumi na sita, na zaidi kama trafiki hayupo. Vitz yangu haifiki mita nne, na inabeba mimi na begi la kompyuta. Sasa wachukue wale kumi na sita, mpe kila mmoja Vitz yake, acha mita mbili kati ya gari na gari kama foleni inavyokaa. Unapata msururu wa karibu mita mia. Kifodi kwa watu walewale kinataka mita saba. Wapandishe kwenye bajaji, watatu watatu, unahitaji bajaji tano na mmoja bado amebaki kituoni na beseni lake. Hapo hujahesabu mahali pa kuegesha, maana kifodi kikishusha kinaondoka, ila Vitz kumi na sita zitalala mjini mpaka jioni, nyingine zikiwa zimekula nusu ya barabara pale Goliondoi.

Kwa upande wa ukubwa, basi, kifodi hakina kesi. Kesi yake ni kusimama.

Gari zikitembea vizuri, moja nyuma ya nyingine, kila sekunde mbili hivi gari moja hupita mahali fulani barabarani. Kifodi kikiziba njia kwa sekunde arobaini, magari kama ishirini yaliyopaswa kupita hayakupita. Na kikiondoka, hayaondoki yote kwa pamoja: wa kwanza anatoa guu kwenye breki, wa pili anamwangalia wa kwanza, wa tatu alikuwa anajibu meseji. Kusimama kule kunaendelea kurudi nyuma kwenye foleni hata baada ya kifodi chenyewe kufika mbali. Ndiyo maana unaweza kukaa dakika tano karibu na Impala, ukafika mbele, ukakuta hakuna chochote. Kilikuwepo. Kimeshafika Mnara wa Saa.

Ile Haisi, kwa hiyo, iliyookoa nafasi ya magari kumi na tano, inaweza kuyazuia ishirini kwa kituo kimoja tu. Na kati ya Kijenge na Majengo hatukuwa tukisimama mara moja tu.

Kwa nini kusimama kunachukua sekunde arobaini badala ya kumi? Sehemu ya jibu ni gari lenyewe. Haisi ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Ina mlango mmoja wa kuburuta, na katikati kuna vile viti vya kukunja. Abiria wa siti ya nyuma kabisa akisema "shusha", wanashuka watatu au wanne kumpisha, kila mmoja na mfuko wake, halafu wanapanda tena, na yule aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja anagundua mwenzake amemkalia nafasi. Kisha yule aliyeshuka anasimama chini akipekua pochi. Nauli ilikuwa mia tatu, anatoa elfu kumi. Mimi sina chenji, naomba kwa dereva, dereva naye hana. "Mama, si ungesema mapema?" "Ungeniuliza mapema!" Na alikuwa sahihi, kuuliza mapema ilikuwa kazi yangu. Nyuma yetu mji mzima unapiga honi.

Lakini gari na chenji ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa inaitwa hesabu.

Asiyewahi kukaa kwenye mlango ule anadhani dereva na konda wanalipwa. Hatukuwa tunalipwa. Tajiri, yaani mwenye gari, alitaka elfu arobaini kila jioni, ije mvua au lije jua. Mafuta yalikuwa juu yetu. Kilichobaki baada ya tajiri na sheli ndicho tuligawana, dereva akichukua kubwa. Kwa siku ya kawaida, mpaka kama saa nane mchana tulikuwa tunawafanyia kazi watu wawili ambao hawakuwemo ndani ya gari. Kuanzia hapo ndipo tulianza kujifanyia sisi. Siku mbaya, hiyo saa nane ilifika saa mbili usiku.

Ukishaelewa hilo, tabia zote za kifodi zinajieleza. Ukitoka Kijenge na mwenzako ametoka dakika moja kabla, abiria wote wa njiani ameshawabeba. Unafanya nini? Unavuta muda. Unatembea kama umebeba mayai, unasimama kila penye kivuli, unaacha vituo vijae upya. Halafu kwenye kioo unaona kifodi kingine kinakuja nyuma yako, hapo mambo yanageuka: dereva anakanyaga mafuta, anachomekea, anapita kulia kwa gari la maziwa, anakatiza mbele ya Vitz ya mtu, ili afike kituo kinachofuata kabla ya yule wa nyuma. Gari lilelile, dereva yuleyule, ndani ya dakika kumi limekuwa konokono na limekuwa ambulansi. Wenye magari wanaona wazimu. Nilipokuwa mlangoni, niliona hesabu tupu.

Dereva wangu, mzee wa makamo aliyenifundisha kazi, alikuwa akiniambia: "Dogo, barabara hii ni shamba la wote. Usipovuna wewe, anavuna aliye nyuma." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona ni hekima. Kwa kweli ilikuwa hekima. Ubaya wake ni kwamba na aliye nyuma alikuwa nayo.

Niliwahi kudhani ujanja huu ni wa kwetu. Kumbe huko Bogotá, Kolombia, walikuwa nao mpaka wakaupa jina, "vita ya senti": mabasi ya watu binafsi, dereva analipwa kwa kichwa, basi linawahi abiria kama mbwa anavyowahi mfupa. Santiago ya Chile ilikuwa na kitu kilichonichekesha zaidi. Kulikuwa na vijana waliosimama pembeni mwa barabara na saa na daftari, wakimwuzia dereva habari moja tu: basi lililotangulia limepita dakika ngapi zilizopita. Waliitwa "sapos", vyura. Sisi pale Friends Corner tulikuwa na mpiga debe mmoja aliyefanya kazi hiyohiyo bila daftari. Ukipita anapaza sauti, "Tatu!", na unajua dakika tatu, kanyaga au legeza. Malipo yake mia mbili. Kama nisingesoma habari za Chile ningekufa nikiamini ule ulikuwa uvumbuzi wa Chuga, Arusha yetu hii.

Bogotá walipoanzisha TransMilenio, Desemba 2000, watu wengi waliangalia yale mabasi marefu mekundu na njia zake za peke yake. Mimi nilichoangalia ni malipo: kampuni zenye mabasi zikawa zinalipwa hasa kwa kilomita, si kwa kichwa. Dereva hana sababu ya kumvizia abiria kwenye kona. Dar nao wana mabasi ya mwendokasi tangu Mei 2016, awamu ya kwanza kilomita 20.9, kutoka Kimara kwenda Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco. Msongamano wa ndani ya mabasi yale unajulikana, sina haja ya kuusimulia kwa mtu aliyewahi kuganda pale Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Ila angalia basi lake linavyosimama. Nauli imeshalipwa kabla ya mtu kupanda, milango ni mingi na mipana, sakafu ya basi iko usawa na sakafu ya kituo, na aliyeshika usukani ana mshahara. Linafungua, linameza watu, linafunga. Konda wa zamani kama mimi nikiliona nasikia wivu.

Hapa Arusha njia za namna hiyo utazichora wapi? Huu mji umebanwa. Mlima Meru uko juu, na mito inayoteremka kutoka mlimani, Themi, Naura na mingineyo, imeukata vipande, kwa hiyo kutoka mashariki kwenda magharibi unategemea madaraja machache, na mengi yanakurudisha kwenye Mnara wa Saa na Sokoine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya jiji. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Sokoine haikuongezeka hata mita moja.

Kilichoongezeka ni pembeni. Barabara ya Sakina mpaka Tengeru, kilomita 14.1, imekuwa njia nne, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inatoka Ngaramtoni mpaka Usa River bila kugusa mji. Malori ya Namanga yaliyokuwa yakikohoa pale Sanawari sasa yana pa kupitia, na huo ni msaada ambao hatuusemi vya kutosha. Ila njia nne zina siri yake. Ni mbili kwenda na mbili kurudi, na kifodi kikisimama kwenye ya kushoto, umebaki na moja, na hiyo moja wanaigombania wote waliokuwa kwenye mbili.

"Lakini vituo vyenye maingilio si vipo?" Vipo. Na utaona kifodi kimesimama mdomoni mwa kituo, mkia uko barabarani. Wenye magari wanaita hiyo dharau. Nawaambia siri ya kule ndani: ukiingia kituoni kabisa, kutoka ni kazi. Unawasha indiketa, hakuna anayekuachia. Yanapita magari kumi, ishirini, kila dereva anaangalia mbele kama hajakuona. Kila sekunde uliyofungiwa mle ndani, mwenzako wa nyuma anavuna shamba lako. Kwa hiyo huingii, unaacha mkia nje ili usipoteze nafasi yako. Ujerumani sheria ya barabarani inawataka madereva waliache basi litoke kituoni. Kwetu hata bila sheria tungeweza, lakini nitasema ukweli: mimi mwenyewe na Vitz yangu siachii. Nikimwachia mmoja, nawaza, watatoka watano. Hivyo ndivyo tunavyokaa, yeye haingii kwa sababu mimi simwachii, na mimi simwachii kwa sababu haingii.

Faini je? Faini tulizilipa. Siku trafiki alipotukamata tumesimama kwenye kituo bubu, yaani kisicho rasmi, faini ilikula faida ya siku tatu. Unafikiri siku ya nne tulifanya nini? Tulisimama palepale, na mara nyingi zaidi, maana hasara ilitakiwa irudi. Tajiri hakupunguza hesabu hata shilingi. Ungemtoza faini tajiri, labda. Lakini tajiri hakuwepo kituoni, alikuwa nyumbani akisubiri elfu arobaini.

Sasa nije kwenye ile hoja ya kuviondoa. Arusha hatuhitaji kukisia, kwa sababu vifodi vimewahi kugoma zaidi ya mara moja, na kilio kikubwa cha wagomaji kimekuwa bajaji zinazobeba abiria kwenye njia zao. Katika mgomo mmojawapo nilikuwa tayari na Vitz. Nilitoka Njiro nikiwa nimejiandaa kwa mateso, nikafika Mnara wa Saa kwa dakika ambazo sikuwahi kuzipata siku ya kazi. Nilifurahi mpaka nikaanza kuangalia pembeni. Watu walikuwa wanatembea. Wanafunzi kwa makundi, soksi zimeshakuwa rangi ya vumbi. Akina mama wa sokoni na mabeseni kichwani, wengine nyuma yao kijana amebeba mkungu. Wauguzi na sare zao, wamevua viatu vya kazi wamevaa ndala. Kazini kwetu, mpaka saa nne, nusu ya meza zilikuwa tupu. Mama anayetuuzia chai hakuja kabisa.

Kuna mchumi wa Marekani, Michael Anderson, aliyechunguza kilichotokea Los Angeles mwaka 2003 mabasi na treni za mji ziliposimama kwa siku 35 kwa sababu ya mgomo. Watumiaji wa usafiri wa umma kule ni wachache ukilinganisha na wenye magari, kwa hiyo ungetegemea barabara zisihisi kitu. Alikuta ucheleweshaji kwenye barabara kuu umepanda kwa asilimia 47. Waliokuwa wakipanda basi walikuwa haswa wale wa njia zenye foleni kubwa kuliko zote, na waliweza kuingia kwenye magari.

Niliposoma hayo nilishangaa mwanzoni, kwa sababu kwangu ilikuwa kinyume, Sokoine ilifunguka. Ilinichukua muda kuelewa. Wa Los Angeles walikuwa na gari la kurudia. Wetu walikuwa na miguu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa sababu watu hawakufika, au walifika saa nne wamechoka. Kama kipimo chetu ni mwendo wa Vitz yangu, siku ile Arusha ilikuwa mji mzuri kuliko yote Afrika Mashariki.

Na hali ile haiwezi kudumu. Mgomo ungekwenda miezi miwili, kila mwenye uwezo angekopa: huyu bodaboda, huyu bajaji, huyu Saccos kama mimi. Tungerudi kwenye ule msururu wa mita mia niliouhesabu mwanzoni, na bado mama wa chai asingekuwepo.

Ningepewa nafasi ya kupanga, nisingeanza na lami. Ningeanza na mfuko wa konda. Dereva na konda wapate mshahara, magari ya ruti moja yawe chini ya ushirika au kampuni moja, fedha ziingie kapu moja, na aliyetangulia na aliyefuata wawe wanavuna shamba moja kweli. Mwishoni mwa 2023 nauli ilipanda ikafika mia sita kwa safari isiyozidi kilomita kumi, na siku hizi watu wanalipa pango, umeme na deni la dukani kwa simu, sioni kwa nini nauli pekee ibaki kuwa noti ya elfu kumi inayotafuta chenji dirishani. Kisha ningehamisha vituo vilivyo kabla ya makutano vikae baada ya makutano, ili kifodi kikisimama kiwe kimeshavuka na kisitufungie mlango sisi wa nyuma. Najua tajiri atakataa, maana hesabu ya kila jioni ni tamu, na hatari yote amembebesha mtu mwingine. Najua pia wapo madereva watakaokataa, wale mahodari, kwa sababu kwenye shamba la wote hodari huvuna zaidi. Mzee wangu angekuwa wa kwanza kukataa.

Nilikutana naye mwezi uliopita. Bado anaendesha, gari lingine, mvi zimejaa. Tulikuwa tumeganda sambamba karibu na Impala, yeye kushoto kwangu, vioo vyote vimeshushwa.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba! Konda wangu!" Akainamia dirisha, akachungulia ndani ya Vitz, siti ya mbele, siti ya nyuma. "Humo umepakia vichwa vingapi?"

"Kimoja, mzee."

Akacheka mpaka abiria wake wakageuka kuniangalia, kumi na saba kama sikukosea, nilihesabu kwa mazoea. Foleni ikasogea hatua mbili, nikachelewa kutoa breki, akachomekea mbele yangu. Mita thelathini mbele akasimama, nusu lami, nusu changarawe. Wakashuka wanne kumpisha yeyo, mama mmoja aliyekuwa siti ya nyuma na debe lake la maparachichi.